Bibi Asiyelala

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimeketi kwenye cherehani, maana ndiyo meza pekee niliyo nayo, kwa hiyo ukiona mstari umepinda ujue mguu umekanyaga pedali kwa mazoea. Sisi hatujambo. Mjukuu wako ameingia darasa la sita na tangu siku hiyo anatusahihisha sote maneno. Kazi ipo. Shule zimefunguliwa, na wazazi wa mtaa mzima wamegundua kwa pamoja kwamba watoto wamerefuka na sare hazitoshi.

Kaka yako ndiye hajambo ya kusema tu. Kifua ni kilekile. Nimemhamishia kwangu, analala kitandani, mimi na mtoto tunalala chini kwenye godoro. Nilijaribu kukueleza kwenye simu, lakini nilipokuuliza habari za dawa ukanijibu habari za mvua, ndiyo maana tumerudi kwenye karatasi.

Sasa jambo lenyewe. Nataka kuandika habari za watu wetu. Wenzangu wakiulizwa asili yao wanaonyesha shamba, wanaonyesha kaburi, wanataja mababu mpaka mate yanakauka. Sisi watu wetu walikuwa wa vyumba vya kupanga. Wamehama na ndoo zao na hakuna aliyeandika kitu. Nikimwuliza baba ananiambia, "Mama alikuwa dobi wa hospitali, na alikuwa halali usiku wala mchana." Basi, hayo tu.

Lakini kuna kingine. Alfajiri anaamka anatetemeka, anajifunika shuka kichwani kama mtoto. Anasema amemwona mwanamke mlangoni, mwenye mikono myeupe kuanzia vidole hadi viwiko. Nilidhani ni homa. Akaniambia amekuwa akimwona tangu utotoni, ila zamani alikuja mara mojamoja na sasa anakuja karibu kila siku. Anaamini ni kifo kinakuja kumchukua. Hataki kulala, shangazi, na mgonjwa asiyelala haponi.

Wewe ni dada yake mkubwa. Unamjua huyo mwanamke?

Wako,
Fundi wa sare


1 Machi

Fundi wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imekonda kama mwandishi wake. Kula, mwanangu. Mimi niko hapa kwa mkwe wangu, ananitunza vizuri na kunisema vizuri pia. Magoti yananiuma, masikio yamestaafu, meno yaliyobaki yanajuana kwa majina. Mjukuu wangu mwambie bibi yake anasema asisahihishe watu wazima mpaka alipe kodi.

Nimefurahi unataka kuandika. Basi andika hivi. Mama yetu alikuwa dobi wa hospitali kubwa. Chumba cha kufulia kilikuwa chini, karibu na bomba la mvuke, na kilikuwa na masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake. Mashuka ya wagonjwa yaliletwa yamefungwa mafurushi, wanayachemsha, wanayakoroga kwa miti mirefu, wanayakamua wawili wawili, kila mmoja akizungusha upande wake. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imejikunja haikunjuki hata siku ya mapumziko. Alinuka sabuni mpaka alipokufa. Tulikaa chumba kimoja, kitanda kimoja, sisi watoto tukilala mkekani. Alikuwa mchapakazi, na nyumba nzima ilimpa jina, Bibi Asiyelala. Hilo liandike kwa herufi kubwa.

Kuhusu mikono myeupe, mwambie kaka yangu ni povu. Mtoto wa dobi angeota nini kingine? Alikuwa anamwona mama akirudi na povu mikononi. Mpe chai, mwambie dada yake amesema ni povu, alale.

Miwani yangu imelegea, naishia hapa.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole kwa magoti. Mtoto ameahidi kutosahihisha mtu mpaka atakapolipa kodi, kisha akauliza kama neno ni "atakapolipa" au "atakapoanza kulipa".

Nyumba mliyokuwa mmepanga nimeipata! Bado ipo. Ukumbi mrefu katikati, milango pande zote mbili, ua nyuma na bomba moja linalovuja. Chumba chenu ni kile cha mwisho kulia, karibu na mlango wa uani. Siku hizi anakaa fundi wa redio, aliniruhusu kuingia. Ukuta upande wa kitanda umechakaa kwa kusuguliwa na migongo ya watu. Nyuma ya mlango kuna msumari mmoja mkubwa, juu kabisa. Nilisimama hapo nikahisi nimeingia bila kubisha hodi kwa mtu aliyelala, ingawa fundi wa redio alikuwa macho na redio zote zinaimba.

Nimezungumza pia na binti wa mwenye nyumba. Wakati wenu alikuwa msichana mdogo, sasa ni bibi mwenye ulimi wa wembe. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Asiyelala? Namkumbuka sana. Koti refu la kijivu, kitambaa kichwani kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Asubuhi anaingia, anawatazama watoto, anatoka. Jioni anaingia, anawatazama, anatoka tena. Baba yangu alikuwa akitusimanga naye, mwoneni yule, nyinyi mnashindwa hata kufagia ua! Na wale watoto wake, mchana kutwa kimya kama hawamo. Sijaona watoto wa vile. Ila nakwambia kitu kimoja, bibi yako jioni alikuwa mrefu kuliko asubuhi. Nilidhani ni viatu."

Tulicheka sana, shangazi. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani kicheko kikaniishia njiani. Kama alitoka asubuhi na akatoka jioni, alilala lini? Mtu anaweza kukosa usingizi wiki moja. Na jioni alikuwa anakwenda wapi, wakati chumba cha kufulia hufungwa magharibi?

Nilimpa baba chai, nikamwambia ni povu. Akatikisa kichwa. Amesema povu hulowesha, na yule alipomshika shavu hakumlowesha. Alimwachia kitu kikavu, cheupe, akijifuta kinatoka kama vumbi. Na amesema ananuka mkate.

Nani alikuwa ananuka mkate?

Wako,
Fundi


9 Mei

Mwanangu,

Sikuumwa. Nilikuwa sitaki kujibu.

Unakwenda kugonga milango ya watu, unachokonoa wazee waliokwisha kusahau. Binti wa mwenye nyumba alikuwa mmbeya akiwa na kamasi puani na ameuzeekea umbeya wake. Mama yetu alikuwa mmoja. Alitulea, akatuvusha, nikamzika mimi mwenyewe na kaka yangu akiwa pembeni yangu. Hayo yanakutosha kwa kitabu chako.

Msalimie baba yako. Mwambie dada yake anamwombea.

Shangazi


25 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma peke yangu na sijamwonyesha baba. Safari hii sina habari za sare wala za mtoto. Wote wapo.

Kitabu nimekiacha. Sitaandika neno moja mpaka uniruhusu. Sikuulizi tena kwa ajili yangu.

Baba hatembei tena. Daktari amekuja, ametazama, amenivuta nje ya mlango, na unajua daktari akikuvuta nje anasema nini. Mchana anasinzia kidogo, ila ikikaribia alfajiri anakodoa macho mlangoni na kunishika mkono mpaka unaniuma. Mwanamume aliyebeba magunia bandarini maisha yake yote, shangazi, anaogopa mlango. Jana aliniambia, "Mwulize dada swali moja tu. Yule ni mtu au si mtu? Akisema si mtu nitajua kujikinga. Akisema ni mtu nitajua la kumwambia. Ninachoshindwa ni kutokujua."

Ndiyo swali lenyewe. Nakuomba kwa magoti, yangu na yako mabovu. Lijibu angali anaweza kusikia.

Wako


11 Juni

Mwanangu,

Ni mtu.

Msomee barua hii mlango ukiwa umefungwa. Nilimwapia mama kwamba sitasema, na nimekaa na kiapo hicho nikizeeka nacho. Leo nakivunja.

Tulikuwa na mama wawili. Mwenye nyumba alikuwa hataki zaidi ya mtu mzima mmoja katika chumba, na hakuna kati yao aliyeweza chumba peke yake. Mama yangu mimi alifua mchana. Mwenzake alioka mikate usiku, kwenye tanuri la nyuma ya soko. Kwa hiyo walikuwa na kitanda kimoja cha zamu, na koti moja, na kitambaa kimoja. Koti lilitundikwa kwenye ule msumari ulioona. Alfajiri mwokaji anaingia kwa kupitia uani, anavua, mama analivaa lingali na joto, anatoka. Jioni mama anaingia, anavua, mwenzake anavaa, anatoka. Nyumba nzima ikaona mwanamke mmoja asiyelala, ikampa na jina. Wao walicheka sana juu ya jina hilo. Mchana mwokaji alikuwa amelala nyuma ya mlango uliofungwa, na sisi tulifundishwa kucheza kwa kunong'ona. Ndiyo ukimya wa wale watoto wa ajabu.

Mimi nilikuwa wa dobi. Kaka yangu alikuwa wa mwokaji.

Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango. Alfajiri alikuwa hagongi, alikwaruza kwa ukucha chini kabisa, karibu na sikio langu mkekani. Nilifungua, na baada ya kuvua koti aliinama akamshika kaka shavu. Alikuwa hanawi huko kazini, maji yalikuwa ya kugombania, kwa hiyo alirudi na unga hadi viwikoni. Ndiyo mikono anayoiona. Ni unga, mwanangu. Ni unga wa mkate na ni mama yake.

Ulikuja ugonjwa mjini, ule wa kukohoa na homa. Watu wa afya walikuwa wanazunguka na lori. Siku moja alfajiri ukucha haukukwaruza. Mama akachelewa kazini akisubiri koti, mwisho akaenda bila koti. Akapitia tanurini, wakamwambia kwamba mwenzake alianguka kazini na watu wa afya wakamchukua. Walimpeleka hospitali ileile alikofua mama.

Utaniuliza kwa nini hakupanda ngazi kumtafuta. Angeulizwa, ni nani wako? Anakaa wapi? Ana mtoto? Watoto wa wagonjwa wale walikuwa wanakusanywa na kupelekwa kwenye nyumba ya watoto nje ya mji, na walioondoka hatukuwaona tena. Kaka yangu alikuwa na miaka mitatu. Kwa hiyo mama alibaki chini akikoroga mashuka ya wodi ile, bila kujua lipi ni la nani. Halafu siku moja akafungua furushi la nguo za waliokufa, akakuta koti la kijivu. Unga ulikuwa bado kwenye mshono wa mfuko. Akalichemsha, akalikamua, akalivaa likiwa bichi, akarudi nyumbani. Ndivyo tulivyojua.

Watu wa afya walifika pia chumbani. Wakauliza nani analala kwenye kitanda hiki. Mama akasema, "Mimi peke yangu, na hawa wangu wawili." Nyumba nzima ikamshuhudia, maana waliamini. Wakaondoka. Usiku huo akanikalisha akaniambia, "Kuanzia leo mama ni mmoja. Ukisema vingine watamchukua mdogo wako." Sikusema vingine.

Kaka alipoanza kulia alfajiri kwamba kuna mwanamke mlangoni, mama alimwambia ni ndoto. Alipozidi, alimwambia ajifunike kichwa na ataondoka. Alisema hivyo akiwa ameniangalia mimi, na machozi yakimtoka.

Kuna jambo sina jibu lake na sitajifanya ninalo. Baada ya hapo mama hakutoka tena jioni. Alikuwa ndani na sisi, koti liko msumarini, mlango umefungwa. Lakini mwenye nyumba aliendelea kumsifu kwa kutoka kwenda kazini jioni, na akina mama wa uani waliendelea kumwamkia akipita. Mpaka tulipohama. Mama alikuwa akiwasikia wakisema "habari za jioni" huko ukumbini, na yeye ameketi nasi kitandani, akitushika mikono.

Alipokuwa anakufa nilimwuliza kama sasa naweza kumwambia kaka. Akasema, "Ukimwambia, atakuwa hana dada." Hilo ndilo lililonifunga mdomo tangu hapo, kuliko kiapo. Watoto wa nyumba ya watoto walikwisha kuwa wazee, hakuna tena wa kumchukua. Niliogopa atajichukua mwenyewe.

Sasa anajua. Niandikie amesema nini. Hata kama ni kibaya.

Shangazi yako, kama bado ninaitwa hivyo


2 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Unaitwa hivyo na utaitwa hivyo, usinitie machozi kwenye vitambaa vya watu.

Nilimsomea. Mtoto nilimtuma kwa jirani, mlango nikafunga. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukutani. Hakula siku hiyo, na alipofungua mdomo kesho yake alisema, "Maisha yangu yote nimekuwa namfukuza mama yangu." Nilipotaja jina lako alinyanyua mkono, ninyamaze. Sitakuficha, alikasirika, na hasira ilimpa nguvu kuliko dawa. Zaidi ya wiki mbili sikuthubutu kukutaja. Ndiyo maana nimechelewa kuandika. Nilikuwa sina cha kukuandikia ambacho ningependa ukisome.

Leo asubuhi ameniita, amesema, "Chukua kalamu, andika ninavyosema, usiongeze utamu." Naandika bila utamu:

"Dada. Nimekukasirikia na bado. Usije ukadhani imekwisha. Umeniacha nimwogope aliyenizaa mpaka mvi zimeniota. Lakini alfajiri hii alikuja. Mkono wangu ulilifuata shuka wenyewe kwa mazoea, nikaurudisha. Nikamwambia, shikamoo mama. Ndiyo mara ya kwanza. Hakuitikia. Alisimama pale mlangoni anatazama chumba kizima, kama anatafuta mtu mwingine. Nadhani alimwacha mtoto wa miaka mitatu, na mzee huyu hamjui. Wewe ungemtambulisha. Wewe ndiye uliyekuwa unamfungulia. Acha kuandika, dada, njoo. Na unieleze alikuwa anachekaje. Nimetafuta kichwani sikuti, na hakuna aliyebaki duniani aliyewahi kumsikia ila wewe."

Hapo akachoka. Shangazi, siku si nyingi. Najua magoti yako. Najua safari ni ndefu. Nakuandikia tu alichosema.

Wako,
Fundi


10 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mkwe wangu amepiga kelele kwamba mzee kama mimi hasafiri, nami nimejifanya sisikii, kwa mara ya kwanza masikio haya yamenifaa. Nguo zimo mfukoni. Barua hii inatangulia na dereva anayeondoka leo, mimi nafuata Jumatano.

Mwambie kaka yangu, kwa maneno hayahaya, kwamba mama yake alicheka sana. Kicheko kilimshinda. Na kwa kuwa katika nyumba ile alihesabiwa hayupo, hakuruhusiwa kusikika, alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yakatikisika, na akiiondoa mikono uso mzima ni unga. Mama akimwona vile naye hoi, wanaanguka kitandani wote wawili bila sauti. Nitamwonyesha nikifika.

Na mama yake akija kabla yangu, kaka asiondoke naye. Amkaribishe, amwambie akae apumzike. Amwambie na binti yake yuko njiani.